Kwenda Bloomington kuangalia football ya Kimarekani, pita barabara kuu ya I-69 tu

Kaka umeuliza kama Jumamosi ukitoka Indianapolis kwenda kwenye mechi ya Chuo Kikuu cha Indiana huko Bloomington upite njia ya 37, barabara ya jimbo, na kama ujenzi bado unasumbua. Hapana, ile 37 ya taa taa za barabarani mpaka Bloomington haipo tena, wameipandisha hadhi ikawa I-69, kipande cha mwisho cha mji wa Martinsville mpaka I-465, ile barabara inayozunguka Indianapolis, kimeungana 2024, sasa hakuna taa hata moja katikati, unateleza tu, na kwa mtu anayependa barabara kama wewe hapo Martinsville ndo pa kutulia uangalie vizuri, maana walifunga njia 2021 wakajenga madaraja na sehemu za kuingilia na kutokea pale palipokuwa na makutano ya kawaida.

Namba za kutokea zinahesabu maili kuanzia kusini huko Evansville, kwahiyo ukishuka kusini zinapungua, wewe toka namba 120 ushike barabara ya jimbo ya 46 kuelekea mashariki, uwanja uko upande huo.

Ila usifike dakika za mwisho jamani! Watu wanakuja masaa mengi kabla, wanachoma nyama kwenye paking, na tangu kocha Cignetti aanze msimu wa 2024 timu imekuwa moto, foleni itakukuta hapo hapo kwenye 46. Paking lipia mapema mtandaoni. Begi libebe la plastiki linaloonyesha ndani, la kawaida watakurudisha nalo kwenye gari.

Kurudi, kaa kwanza mjini, kula chakula, wenye haraka watangulie.