Uliza Kwanza Maji Yamejaa Saa Ngapi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mgeni mwenye siku mbili tu mjini kwenu, mwelekezeni aone nini na afanye nini? Kwa Tanga jibu la haraka lipo, na kijana yeyote wa bodaboda pale stendi ya Kange atakupa bila kufikiri: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, Raskazone, kwaheri. Orodha hiyo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba haina saa. Mgeni anashuka Raskazone na taulo begani saa nne asubuhi, anakuta bahari imekwenda zake, ameachiwa tope na kaa. Anarudi kwao kusema Tanga haina pwani ya kuogelea.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uende wapi, uliza leo mwezi tarehe ngapi. Nasema mwezi wa kuandama. Kalenda nyingi zinazoning'inia madukani Ngamiani zina tarehe zote mbili, na ukikosa kalenda, mvuvi yeyote atakujibu bila kuangalia popote.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ikipita, ongeza dakika 50 hivi. Mwezi nne, kwa mfano, umepitisha siku tatu, basi ongeza saa mbili na nusu: maji yatajaa saa kumi na mbili na nusu jioni, na mchana yatakuwa yamepwa kama saa sita na nusu. Ukifika mwezi nane mambo yamegeuka kabisa, maji yanajaa asubuhi, kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Kuanzia mwezi kumi na tano unaanza kuhesabu upya, kwa hiyo mwezi ishirini na mbili ni sawa na mwezi nane. Kalenda na mwandamo wenyewe huweza kupishana siku moja, basi jiachie saa nzima ya tahadhari huku na huku.

Kuna na jambo la pili, nalo ni kiasi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na pwani yetu ilivyo na mteremko mdogo, mita hizo tatu zinakula ufuo mrefu sana. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, tofauti mita moja hivi, bahari haisogei sana. Mtu wa kuogelea tu, maji mafu yanamfaa. Mtu wa kutembea mwambani na kutazama viumbe kwenye vidimbwi, angoje bamvua.

Sasa panga siku zako.

Ukija wakati wa bamvua, asubuhi bahari haina lako. Nenda Amboni. Ni kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, barabara ya Horohoro. Daladala zinakwenda, unashuka Kiomoni, kisha bodaboda au miguu kwenye barabara ya vumbi hadi pangoni. Bila mwongoza wageni huingii, na usijaribu. Vaa viatu vya kufunga, kwa sababu sakafu ina utelezi na kandambili zitakuaibisha. Chukua tochi ya kweli, si ya simu: kuna sehemu utapita umeinama na mikono yote miwili itahitajika ukutani, na simu ikiponyoka humo ndiyo imekwenda. Wenye pumu wajifikirie mara mbili, maana harufu ya kinyesi cha popo ni kali. Funga kitu kichwani.

Ndani ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mwongozaji atakuonyesha mawe yenye umbo la mamba, sofa, ramani ya Afrika, kila moja na jina lake. Mimi hapo ningekuambia umulike juu zaidi kuliko mbele: zile ncha zinazoning'inia, ukizisogelea, utaona tone la maji limesimama kwenye kila moja. Tone hilo ndilo linalojenga jiwe, kwa chokaa kidogo linachoacha kabla ya kudondoka. Pale pa mzimu utakuta chupa za marashi, vitambaa, ubani, sarafu. Panatambikiwa mpaka leo. Usiguse, na kama umeshikwa na kicheko, kitoe nje. Utaambiwa pia kwamba pango linatokea Mombasa, au Kilimanjaro. Hadithi tamu, isikilize hadi mwisho. Waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni mita 900 hivi.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uliza kwanza hali ya njia. Chemchemi za Galanos, zile za maji ya moto yenye kiberiti, ziko upande huohuo na zimebeba jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Kama una nafasi pitia, kama huna hujapoteza kikubwa.

Ukirudi mjini jua limekuwa kali. Mchana wa Tanga si wa kutembea. Maduka kadhaa yanafunga, na Ijumaa ndiyo kabisa. Kula, pumzika. Saa kumi maji yamejaa, nenda Raskazone ukaogelee. Huo ndio ufuo uleule mwenzako alioukimbia asubuhi.

Ukija wakati wa maji mafu, kinyume chake: asubuhi panda chombo uende Toten, kisiwa kilicho mbele ya mji, ghubani. Jina ni la Kijerumani, lina maana ya wafu, na kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Ni karibu kiasi kwamba watu hukidharau, na hapo ndipo wanapokwama. Ufuo wake ni wa mikoko na tope. Fika maji yakiwa yamebakiza saa mbili kujaa, ondoka yakiwa yametoka kwa saa moja tu. Una saa tatu, zinatosha. Ukizidisha, chombo kitakaa juu ya tope nanyi mtatembea ndani yake, na chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe. Vaa raba.

Kuhusu chombo: patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi, mafuta yakiwamo, na useme wazi ni kwa chombo kizima au kwa kichwa. Toa nusu, nusu ibaki hadi mrudi. Dai majaketi ya kuokolea uyaone kwa macho kabla ya kupanda, maana “yapo” na “haya hapa” ni maneno mawili tofauti. Wakati wa kusi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, upepo huamka mchana na bahari inachafuka, basi safari iwe ya asubuhi au isiwepo. Matlai, Oktoba na Novemba, ndio wakati mtulivu kuliko yote.

Wapo wanaokuja wakiulizia silikanti, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ni kweli yuko kwetu. Wavuvi wa jarife, nyavu za papa, walianza kumnasa kwenye maji ya Tanga miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake, inayojumuisha visiwa vya Yambe na Karange. Lakini huyo anakaa kwenye kina kirefu, mchana hujificha mapangoni. Anayekuahidi utamwona ukiwa na miwani ya kuogelea, mwage hapohapo.

Tongoni iende alasiri, siku yoyote ya mwezi. Kilomita 17 hivi kusini, barabara ya Pangani, kisha unakata kuelekea baharini. Hapa ndipo ningetaka mgeni asikimbie. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo, au yalikuwa nazo, kwa sababu nguzo nyingi zimeanguka. Hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi mengi ya namna hii. Ni ya karne ya 14 na 15.

Anza na msikiti. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio wenye mihrabu. Ukishaupata, ramani nzima ya jengo inajipanga kichwani. Kisha sogea kwenye kuta mpaka pua iguse. Utaona si jiwe la kawaida: ni matumbawe, na vile vidundu vidogo kama nyota bado vinaonekana. Yalikatwa baharini yakiwa laini, na chokaa ya kuyashikia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Mwisho tazama nguzo na vichwa vya makaburi, utafute vishimo vya duara, ukubwa wa bakuli. Ndivyo vilivyokuwa: mabakuli ya kaure kutoka Uchina yaliyochomekwa kwenye chokaa kama pambo. Yamebanduliwa zamani, limebaki tundu na alama ya mzingo. Alasiri jua linapolala, vivuli vinaingia kwenye vitundu hivyo na unavihesabu vizuri; saa sita mchana utapita bila kuona kimoja.

Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda mwambani karibu na hapa. Maji yalipopwa ikabaki juu pakavu, yalipojaa ikaelea tena ikaenda zake. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wamebaki wachache wa kuongoza meli zote, waliichoma moto kwenye maji hayahaya. Naona raha kidogo kwamba hata yeye hakuuliza maji.

Ni makaburi, basi jisitiri, usikalie nguzo kwa ajili ya picha.

Vita vya Tanga vya mwaka 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani, vina wapenzi wake. Njia ya kuvifuata ni kwa miguu: anzia Raskazone, walikoshuka Waingereza na askari wao wa Kihindi kama 8,000, pita Bombo, ingia mjini hadi relini. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na watu 1,000 hivi, na tarehe 4 Novemba akawarudisha baharini. Nyuki waliochokozwa na risasi waling'ata pande zote mbili, ila sifa ya ushindi wamepewa nyuki peke yao. Boma la zamani la Wajerumani lina makumbusho ya Urithi, saa moja inatosha. Kupiga picha bandarini usijaribu. Ni eneo la ulinzi.

Mji wenyewe ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Kodi moja kwa fundi, lakini kabla ya kulipa kanyaga breki zote mbili, bana matairi kwa vidole, na hakikisha kufuli linafunga na ufunguo unatoka. Reli ndiyo mpaka: upande mmoja mji wa maofisi, upande wa pili Ngamiani, ambako barabara zina namba, ya 1 hadi ya 21. Ukipotea, uliza namba tu.

Chakula kina saa zake vilevile. Mbaazi za nazi na mahamri ni za asubuhi. Ukichelewa hadi saa tatu utapewa za chini ya sufuria, tui limekatika. Samaki ni kwenye soko la Deep Sea, mnadani. Anauzwa kwa fungu, na mnada unakwenda mbio, kwa hiyo mgeni asitaje bei, asimame karibu na mama mkaangaji, amwombe: “Mama, nisaidie kununua.” Tazama matamvua, yawe mekundu ya damu, si ya kahawia. Bonyeza tumbo: likirudi, mzima, likibaki na shimo, mwachie mwenye paka. Kuparua magamba ni bei ya pembeni, kukaanga ni bei nyingine, zote zisemwe mapema. Kama kuna changu na tasi, chukua changu wa kukaanga, tasi wa kuchoma. Jioni urudi Ngamiani kwa muhogo wa nazi, kachori na pweza. Na kama Coastal Union wako Mkwakwani siku hiyo, nenda hata kama mpira huupendi, ukasikilize Kiswahili cha jukwaani.

Watu hupenda kutuambia “Tanga, waja leo waondoka leo”. Wewe umebaki siku mbili, basi tiketi ya kurudi ikate siku moja kabla pale Kange, maana magari ya asubuhi huwahi kujaa. Kwenda Dar es Salaam, kama kilomita 350, kaa upande wa kulia: kutoka Segera basi linashika kusini na jua la asubuhi linapiga kushoto hadi Chalinze. Muheza watakuletea machungwa dirishani. Fuko likiwa limejaa hadi juu, mwambie muuzaji alimimine, uyaone ya chini kabla hujatoa noti.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga