Jibu: "Upelelezi haujakamilika", nani anachelewesha?
Mkuu, pole kwa yanayomkuta mdogo wako, ambaye kesi yake inaahirishwa kwa kauli hiyo. Umeuliza kama wakili wa serikali ndiye anayeikalia kesi yake. Mara nyingi siye. Hapa Tanzania upelelezi ni kazi ya polisi na vyombo kama TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa). Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, wanakofanya kazi mawakili wa serikali wanaoendesha kesi, inapokea jalada, inalisoma, na likiwa na pengo inalirudisha na maelekezo. Niliwahi kufuatilia jalada la ndugu yangu: lilikwama kwa karatasi moja tu, PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeruhi) ambayo daktari hakuisaini. Mawakili wenyewe wachache, majalada yamerundikana mezani, nawaonea huruma kweli. Andika barua kwa Wakili wa Serikali Mfawidhi (mkuu wa ofisi ya mashtaka) wa mkoa wako, taja namba ya kesi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.