Skeli ya F meja: shida iko kwenye kidole gumba

Ndugu, umesema kwenye piano skeli (noti zinazopanda kwa mpangilio) ya C meja unaipiga vizuri, ila kwenye ya F meja mkono wa kulia unakwama kwenye noti ya nne. Noti hiyo ni B flati, kibonye cheusi, nawe unailazimishia gumba kama kwenye noti ya nne ya C meja. Usifanye hivyo! Piga F, G, A kwa gumba, shahada na kidole cha kati, B flati kwa kidole cha pete, ndipo gumba lipite chini kushika C. Lianze kusogea mapema, mara tu shahada inapobonyeza G, na kiwiko kitulie. D, E na F ya juu zitafuata zenyewe. Rudia hapo kwenye A, B flati, C tu, polepole sana, hadi sauti zilingane.