Barafu za Lushoto

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila kaskazi imetushika. Usiku nalala ukumbini na kanga moja, feni inanisemesha mpaka alfajiri.

Umeniuliza kwenye simu wapi pana unafuu, Lushoto au hapa Tanga, kwa kuwa huko juu kodi ni nusu na feni huihitaji. Mimi nasema kodi rahisi hulipwa pengine. Nilikwambia hivyo ulipohamia Dodoma, na sichoki.

Mwaka 1999 baba'ako alipopata uhamisho wa kwenda huko, nilifurahi kuliko yeye. Vyumba vitatu kwa pesa ya chumba kimoja cha Ngamiani! Friji yangu niliifunga kwa magodoro mawili, na kona zote zile kutoka Mombo nimeikumbatia ndani ya lori kama mgonjwa. Wewe una miaka minne, umetapika kwenye ndoo ya unga.

Friji ile ndiyo iliyotulisha. Hapa barabara ya 12 nilikuwa namaliza barafu za ubuyu mia kwa siku, watoto wa shule wanasukumana mlangoni. Lushoto iko juu, mita 1,300 na ushei. Julai asubuhi maji ya bomba yanauma meno. Siku ya kwanza nikagandisha barafu hamsini. Nikauza tatu. Na mbili kati ya hizo alinunua baba'ako, akidhani sikumtambua mtoto aliyemtuma. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Gunia la mkaa hapa lilitufikisha mwezi. Kule tulikuwa tunaota moto kila jioni, halikumaliza wiki mbili. Mablanketi, masweta, kifua chako. Samaki anapandishwa kutoka huku chini, akifika kachoka na bei imepanda naye. Wajerumani walipapenda wakapaita Wilhelmstal, lakini wao walikuwa na watu wa kuwachanjia kuni.

Ila nisiwe mwongo. Karoti na kabichi zilikuwa kama za bure, peasi tulikula tukazikinai. Mbu sikumsikia. Zile homa zako za kila masika, mwaka ule hata moja. Hilo nalo pesa, tena si kidogo. Na huku sasa Luku inavyokwenda kwa feni tu... haya, basi.

Lakini kodi rahisi hulipwa pengine. Mshahara wako wewe haujui baridi wala joto. Juisi ya ukwaju ya mkeo ndiyo inayojua. Yeye umemuuliza?

Sikuamulii, una watoto sasa. Ila kama unataka kupaona, nenda Julai, usiende Januari, na ulale wiki nzima. Friji ile ipo uani mpaka leo, kuku wanatagia humo.

Mama'ako