Mgombea akigeuka, tumwamini?

Mwanasiasa akihama chama karibu na uchaguzi, nitajuaje kama ni dhamira au tamaa ya cheo? (Msomaji, Morogoro)

Tazama kwanza: amehama kabla ya kunyimwa, au baada? Julai 2015 jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, lilikatwa Dodoma kwenye mchujo wa wagombea urais wa CCM. Tarehe 28 mwezi huohuo akajiunga na Chadema, akapeperusha bendera yao ya urais. Machi 2019 akarudi CCM. Marehemu alipendwa na mamilioni, nami nawaheshimu waliompigia kura, ila kwa mfuatano huo naona alifuata nafasi.

Na waliompokea je? (Msomaji, Tanga)

Hao ndio wanaoniuma zaidi. Mwaka 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya waliotuhumiwa na Chadema kwa ufisadi, na Lowassa alikuwamo. Miaka minane baadaye chama kilekile kikamnadi nchi nzima. Kubadili mawazo si kosa. Lakini mwananchi aliyesimama juani siku ile alistahili kuambiwa waziwazi: tulikosea, au tumesamehe kwa sababu hii. Slaa alijiondoa, akaacha ukatibu mkuu wa chama hicho aliouhangaikia miaka. Uamuzi unaomgharimu mtu huwa nauamini upesi, ingawa alipoteuliwa balozi na serikali ya CCM mwaka 2017 nilirudi kuupima upya.

Kupeana mkono kwa Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na mpinzani wake Raila Odinga Machi 2018 kulikuwa kwa nia njema? (Msomaji, Mombasa)

Kulituliza nchi, na hilo si dogo. Ila Uhuru aliyekuwa ameahidi kumuunga mkono naibu wake Ruto, kwenye uchaguzi wa 2022 akamuunga mkono Raila. Amani ilikuwa ya kweli, na hesabu za nani atarithi urais zilikuwamo humohumo.

Mgombea anayekula na sisi sokoni, anatujali? (Msomaji, Mbagala)

Sikiliza anauliza nini. Sokoni kwetu mmoja alikula vitumbua viwili, akapigwa picha, akaondoka. Kijana wake ndiye aliyemlipa mama. Hakuuliza hata unga ni bei gani. Wiki iliyofuata akaja mwingine, akauliza ushuru wa meza kwa siku, na choo kimefungwa tangu lini. Akaandika kwenye daftari dogo, akamsomea mama alichoandika ili amsahihishe. Sijui kama atashinda. Akishinda, nitamfuata nimwombe alifungue lile daftari.