Barua zako ziko kwenye faili gani? Majibu kwa wasomaji wa Kusini

Tangu minada ya korosho ianze, maswali yanayonijia ni ya namna moja: barua pepe zimepotea. Nimechagua machache. Anayesoma imeili kwenye simu peke yake anaweza kuruka. Leo naongea na wenye Outlook na Thunderbird, programu za kusomea barua pepe kwenye kompyuta.

Shikamoo mwalimu. Laptopu ya ofisi ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi akapiga Windows upya. Picha na Documents alizihamishia kwenye eksteno (diski ya nje) akazirudisha, lakini nikifungua Outlook ni tupu. Barua zetu na wanunuzi za miaka sita hazionekani. Zinarudi? – Karani wa chama cha msingi, Masasi

Marahaba. Kwanza izime hiyo laptopu. Kila unachokihifadhi sasa hivi kinaweza kuandikwa palepale zilipokuwa barua zako, na kikishaandikwa hapo, zimekwenda.

La pili, uliza akaunti yenu ni ya POP au ya IMAP, njia mbili za kupokea barua pepe. Kama ni IMAP, barua zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni ya imeili, na kompyuta yenu inashika nakala tu. Ingia kwa kivinjari ukitumia simu. Ukiziona, hujapoteza kitu, weka akaunti upya kwenye Outlook zitateremka zenyewe. Kama ni POP, Outlook huzivuta barua hadi kwenye mashine, kisha huzifuta kwenye seva, mara nyingi baada ya siku 14. Kwa hiyo kazi yenu ya miaka sita ilikuwa ndani ya faili moja tu, ambayo jina lake linaishia na .pst.

Itafute hiyo faili kwenye eksteno. Kuanzia Outlook ya 2010 hukaa ndani ya Documents, kwenye folda inayoitwa Outlook Files, kwa hiyo huenda fundi aliichukua bila kujua amebeba nini. Ukiipata, inakili kwenye laptopu kwanza, ndipo uifungue kutoka ndani ya Outlook: File, kisha Open, kisha Outlook Data File. Usiibonyeze ikiwa bado iko kwenye eksteno. Kama mlikuwa na Outlook ya 2007 au ya nyuma zaidi, faili ilikuwa imejificha ndani ya AppData, folda ambayo Windows haiionyeshi mpaka uiamuru. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoiacha.

Haimo kwenye eksteno? Angalia diski C kama kuna folda inayoitwa Windows.old. Fundi akipiga Windows bila kufomati, mafaili ya zamani husukumwa humo. Ila usikae nayo, kwa sababu Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10 hivi.

Kama alifomati, kila kitu kinategemea aina ya diski. Diski ya kuzunguka, ile ya zamani, haifuti data kwa kufomatiwa haraka. Inasahau tu vitu vilipo. Itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, iendeshwe PhotoRec, programu ya bure inayotambua faili za .pst, na kinachookolewa kiandikwe kwenye diski ya tatu. Kama ni SSD, ile mpya isiyozunguka, sitakudanganya. Windows huiagiza SSD isafishe nafasi zilizoachwa wazi, na baada ya hapo hakuna fundi wa Masasi wala wa Dar es Salaam atakayezirudisha. Wakati huohuo waandikie wanunuzi na chama kikuu wawatumie nakala za mlizowaandikia na walizowaandikia ninyi. Barua ina pande mbili, na upande wa pili watu huusahau.

Sasa niseme na mafundi wenzangu. Miaka ya nyuma nilimpigia Windows mwalimu mmoja wa sekondari hapa Mtwara mjini. Nilinakili Desktop, Documents na Pictures, nikaona nimemaliza. Alipokuja kuichukua akaniuliza, "Na barua zangu za ufadhili?" Sikuwa na jibu. Diski ilikuwa imeshajazwa Windows mpya, programu na filamu nilizomwekea kama zawadi. Tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla ya kumuuliza maswali mawili: imeili unaisomea wapi, na akaunti ni ya aina gani. Kisha nanakili folda yote ya mtumiaji pamoja na AppData yake, hata ikichukua saa tatu na mteja akininunia. Fundi asiyeuliza maswali hayo, mnyang'anye laptopu yako.

Habari kaka. Nimefuta imeili muhimu kwa bahati mbaya, nifanyeje? – Msomaji, Lindi

Swali hili nalipata kila wiki, na kila wiki halisemi programu ni ipi, akaunti ni ya kampuni gani, wala imefutwa lini. Nitajibuje? Tazama folda ya Trash au Deleted Items leo hii, usingoje kesho: Gmail hushika kilichofutwa kwa siku 30, Yahoo kwa siku 7 tu. Isipokuwemo, andika tena na maelezo kamili.

Shikamoo fundi. Natumia Thunderbird tangu nikiwa kazini. Marehemu dada yangu alikuwa akiniandikia alipokuwa masomoni India, na barua zote nilizitunza. Mjukuu alikuwa akichezea kompyuta, akazifuta na kumwaga Trash. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. – Mstaafu, Mikindani

Marahaba, na pole sana kwa dada. Kama akaunti yako ni ya POP, kama ilivyo kwa wengi waliofungua imeili zamani, nina matumaini kuliko unavyodhani.

Thunderbird huweka folda nzima ya barua ndani ya faili moja ndefu ya maandishi. Ukifuta barua, haikatwi kutoka kwenye faili hiyo. Inawekewa alama kwamba imefutwa na programu inaacha kuionyesha. Nakala iliyokwenda Trash imemwagwa, lakini ile ya awali bado imo Inbox mpaka folda itakapobanwa. Kazi ya kubana kwenye skrini inaitwa Compact, na ndiyo adui yako. Thunderbird ikikuuliza kama ibane folda kuokoa nafasi, kataa. Matoleo mapya hubana yenyewe bila kuuliza, kwa hiyo ifunge sasa na usiifungue mpaka tumalize.

Kisha fanya hivi, au mpe kijana mwenye mkono mtulivu akufanyie. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika %APPDATA% na ubonyeze Enter. Ingia Thunderbird, halafu Profiles. Nakili folda yote unayoiona humo kwenye flashi. Ya kwenye kompyuta usiiguse kwanza. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Ndani ya nakala, kwenye folda ya Mail, kuna faili inayoitwa Inbox na nyingine inayoitwa Inbox.msf. Hiyo ya .msf ni faharasa tu. Barua zimo kwenye ile isiyo na nukta. Ifungue kwa Notepad++, programu ya bure ya kuhariri maandishi, kwa sababu Notepad ya kawaida huzidiwa na faili kubwa. Utaona mstari ulioandikwa X-Mozilla-Status: 0009, kisha mistari mingi isiyoeleweka ya njia ambazo barua ilipita, kisha jina la dada yako, tarehe, na chini yake maneno yake mwenyewe hayajaguswa. Picha alizoambatisha zitaonekana kama herufi zilizomwagika ovyo, ziache vilevile. Hiyo 0009 maana yake barua ilisomwa na ikafutwa. Tumia kutafuta na kubadilisha: kila 0009 ya mstari huo iwe 0001, na kila 0008 iwe 0000. Hifadhi.

Ipe faili hiyo jina jipya, kwa mfano Dada, bila nukta yoyote, na uiweke ndani ya folda ya Local Folders ya Thunderbird ile ya kwenye kompyuta, programu ikiwa imefungwa. Ukiifungua, kutakuwa na folda mpya upande wa kushoto. Zitarudi pia barua nyingine ulizowahi kufuta, pamoja na takataka za matangazo, kwa hiyo chambua taratibu. Ukizipata za dada, zichapishe kwenye karatasi pia.

Kama akaunti ni ya IMAP niandikie tena. Njia ni tofauti na muda ni mfupi.

Kaka, umeme ulikatika Outlook ikiwa wazi. Sasa inasema faili haiwezi kufunguliwa. – Muuza pembejeo, Newala

Nakili faili ya .pst pembeni kwanza. Kisha tafuta kwenye diski C programu inayoitwa SCANPST. Inakuja pamoja na Outlook, huhitaji kuinunua. Ielekeze kwenye faili, iache itengeneze, uirudie mara mbili tatu mpaka isione kosa. Kama Outlook yenu ni ya 2002 au kabla ya hapo, angalia pia ukubwa: faili za kizazi kile zikifika GB 2 huharibika hata umeme ukiwepo. Na mtu wa Newala anayeendesha biashara kwenye kompyuta ya mezani bila UPS, kile kifaa cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika, anajitafutia hasara kila wingu la masika likitanda.

Nimeona programu ya kurudisha imeili, bei ni kubwa, ila kuna jamaa anayo ya bure iliyovunjwa. Niichukue? – Nachingwea

Usiichukue. Programu iliyovunjwa ndiyo njia rahisi ya kuingiza virusi vinavyofunga mafaili yako na kudai hela, na unaisakinisha kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa. Programu za kulipia zinazoaminika hukuonyesha barua inazoziona kabla hujatoa shilingi. Isiyoonyesha, achana nayo. Na yeyote anayekuomba nywila ya imeili ili "akusaidie kurudisha" usimpe, hata kama mnasali msikiti mmoja.

Nataka kurudisha imeili alizofuta mume wangu kwenye laptopu yake, bila yeye kujua. – Ruangwa

Hapana, dada yangu. Kuingia kwenye mashine na barua za mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndoa haibadilishi hilo. Kama kuna shauri la haki yako, mpelekee mwanasheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu barua pepe kuwa ushahidi, na mahakama ina njia yake ya kuzipata.

Nina kompyuta ya zamani ya Windows XP yenye barua za Outlook Express. Inawaka, lakini diski inatoa mlio wa kugonga. – Kilwa Masoko

Mlio wa kugonga ni diski inayokufa. Zima sasa. Hewa yetu ya bahari yenye chumvi hula viunganishi, na mashine iliyokaa miaka karibu na ufukwe haikupi nafasi nyingi. Kama barua hizo zina thamani, itoe diski, ifungashe vizuri kwenye sponji na uipeleke kwa mtaalamu wa diski Dar es Salaam mwenyewe mkononi, usiitupe kwenye buti la basi. Mwambie unataka faili zote zinazoishia na .dbx.

Kwa wenye XP ambayo diski yake bado nzima: fungua Outlook Express, chagua barua zote kwenye folda, ziburute hadi kwenye folda tupu ya Windows. Kila moja itageuka faili ya .eml, ambayo Thunderbird ya leo inaisoma. Fanyeni wiki hii.

Kwa nini nikifuta kwenye kompyuta zinafutika na kwenye simu? Na si bora niache hizi programu, nitumie kivinjari tu? – Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Zinafutika kwa sababu akaunti yako ni ya IMAP: simu na kompyuta vinatazama sanduku moja. Kwa hiyo IMAP peke yake si akiba.

Kuhusu kuacha, siafiki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilikatika, na intaneti ikawa shida nchi nzima. Wenye barua kwenye mashine zao waliendelea kusoma mikataba na risiti zao, wa kivinjari wakabaki wanatazama duara linazunguka. Tena Google hufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2. Mhitimu aliyeacha barua zake zote kule na akasahau nywila, siku atakapozihitaji kwa usaili hatazikuta.

Endelea na Thunderbird. Kila mwisho wa mwezi ifunge, nakili folda ya Profiles kwenye flashi ambayo haikai kwenye begi moja na laptopu. Kisha chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya mwenzako, fungua faili ya Inbox, uone barua moja inasomeka.