Rafu za karakana kwa mabaki ya mbao: anza na ukuta

Mkuu, umesema karakana yako ni ndogo, mabaki yamejaa kona mpaka randa huioni, na hutaki kununua mbao mpya za rafu. Inawezekana kabisa. Karakana yangu hapa Dar sehemu kubwa imejengwa kwa mabaki ya kazi za wateja.

Kwanza chambua mabaki kwa unene, si kwa urefu. Vipande vya inchi moja, hata viwe vifupi, vinaunganishika kwa gundi ukapata ubao mpana. Ukichanganya unene utapiga randa hadi ukome. Kisichofika urefu wa kiganja kitoe. Inauma, hasa kikiwa mninga, lakini toa. Wengi tunawapa mama lishe wapate kuni, ila paini ya kupaulia ile yenye rangi ya kijani usimpe mtu apikie: dawa yake mara nyingi ina arseniki, na moshi wake ni sumu.

Sasa ukuta, ndiyo kazi yenyewe. Chukua ubao wa inchi moja wenye upana wa inchi 4 hivi, uupasue katikati kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelala nyuzi 45. Unapata vipande viwili vinavyokaliana. Kimoja kifunge ukutani, ncha kali ikae juu upande wako, mteremko uelekee ukutani. Kingine kifunge mgongoni mwa rafu au kisanduku, kwa kukigeuza juu chini. Hapo unatundika tu, na uzito wenyewe unakibana kisanduku ukutani. Siku ukileta mashine mpya, unanyanyua visanduku na kuvihamisha bila kugusa skrubu.

Ukuta wa bloku toboa kwa drili, tia fisha (vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani) za milimita 8 na skrubu ndefu zilizopita lipu. Msumari wa zege utakumegea lipu tu.

Visanduku vitengeneze kwa mabaki ya plaiwudi. Chipubodi mimi siitaki: skrubu haishiki pembeni, na kwa unyevu wa pwani inavimba kama andazi. Chini usiweke kitu kinachogusa sakafu. Mchwa hupanda kwa njia za udongo, na sakafu ikiwa wazi utaziona mapema.

Skrubu na misumari midogo weka kwenye makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha. Mfuniko ufunge chini ya rafu kwa skrubu mbili (ukitia moja utazunguka na kopo), kisha kopo unalizungusha kutoka chini huku unaona kilichomo.

Kama banda lako ni la mabati, vile vipande vya ukutani vifungie kwenye nguzo, si kwenye bati. Nguzo zikiwa mbali mbali, ongeza papi (mbao nyembamba) za kulala katikati kwanza.